Simu yako inapiga kelele mfukoni: mwongozo kamili wa kuzuia kufuatiliwa kwa waifai na bluetooth

Juzi kati nilikuwa natoka Mbeya naenda Iringa, basi la alfajiri, baridi ile ya mwezi wa saba ambayo vioo vinatoa jasho na kila mtu kajikunyata ndani ya koti. Tulivyopita Igurusi nikawasha bluetooth niunganishe hedifoni zangu, yakaja majina kibao kwenye skrini: Redmi ya mama fulani, Infinix mbili, hedifoni za watu na saa moja ya mkononi yenye namba namba mwishoni. Sikutafuta kitu mimi, simu ndo ilinipangia listi yenyewe. Tumefika Makambako watu wakashuka kula chipsi, tunaondoka naangalia tena ile saa haipo, nikageuka nyuma, siti ya yule kijana aliyekuwa na saa ya kioo ipo tupu. Kashukia pale. Yaani sijamuuliza jina wala sijamwangalia usoni vizuri, lakini nimejua kashukia wapi.

Mimi natengeneza simu Mwanjelwa, na wateja wengi wakisikia neno kufuatiliwa wanawaza virusi, au mke kaweka apu ya kusoma meseji. Hayo yapo, ila leo sio yenyewe. Leo naongelea simu nzima, haina kirusi hata kimoja, lakini inajitangaza kwa kila kifaa kilicho jirani. Tenga nusu saa, chaji iwepo, tuende taratibu.

Simu inasema nini hewani

Waifai ikiwa imewashwa na hujaunganishwa popote, simu haikai kimya. Kila baada ya muda inarusha ujumbe mfupi, ni kama mtu kaingia sokoni anaita "jamani kuna ruta hapa?", na ruta za jirani zinaitika. Kwenye ule ujumbe kuna namba ya kifaa inaitwa adresi ya MAC, herufi na tarakimu 12 zimepangwa mbili mbili, na zile 6 za mwanzo zinataja kampuni iliyotengeneza. Namba hiyo imetoka nayo kiwandani, ukibadili laini haibadiliki, ukiiflash haibadiliki.

Sasa mtu akiweka kisanduku cha kusikiliza mlangoni kwake na kingine kwenye kona ya mbele, hahitaji uunganishe chochote. Anasikia namba imepita hapa saa nne, imepita pale saa nne na dakika tatu, kesho yake imerudi. Hii sio hadithi ya kutunga, London mwaka 2013 kuna mapipa ya taka yenye skrini za matangazo yalikuwa yanarekodi simu za wapita njia hivyo hivyo, mpaka uongozi wa jiji ukaamuru waache. Na 2016 mamlaka ya usafiri ya huko huko ilifanya majaribio ya wiki nne kwenye stesheni 54 za treni za chini ya ardhi, wao walikuwa wanataka kujua abiria wanapitia njia zipi na waliweka matangazo ukutani kuwaambia watu. Kifaa ni kile kile, tofauti ni nani kakishika na amekwambia au hajakwambia.

Kampuni za simu zikaamka. Apple walianza 2014 na iOS 8, mfumo unaoendesha iPhone, kuifanya simu ivae namba ya bandia inapotafuta mitandao, Android nao wakafuata, na kuanzia Android 10 ya mwaka 2019 simu inavaa namba ya bandia hata inapounganishwa na ruta, kila ruta na namba yake. iPhone wakalifanya hilo kwenye iOS 14 mwaka 2020. Kwa hiyo kama una simu ya miaka hii kazi kubwa imeshafanyika, ila namba ya bandia sio dawa ya kila kitu. Mwaka 2017 watafiti wa chuo cha jeshi la majini la Marekani walionyesha kwamba mtu akishaijua namba yako halisi anaweza kuiita hewani na simu ikaitika, hata kama muda huo imevaa ile nyingine. Hapo ndo utaelewa kwanini nakwambia tuzime makelele yenyewe, tusitegemee kinyago peke yake.

Hatua ya kwanza, jua simu yako ni ya lini na imevaa nini

Ingia setingi, shuka mpaka chini palipoandikwa "About phone", angalia toleo la Android. Ikiwa 10 kwenda juu uko pazuri. Ikiwa 9 au 8, na hizi bado nazipokea mezani kila siku, simu ikiunganishwa na ruta inatoa namba yake halisi, kwa hiyo hatua za kuzima nitakazozitaja chini kwako wewe ni za lazima sio hiari.

Halafu unganisha waifai yoyote unayoiamini, gusa kile kigurudumu pembeni ya jina lake, tafuta sehemu ya "Privacy", chagua "Use randomized MAC". Kwenye Samsung imeandikwa "MAC address type". Baada ya hapo itazame namba yenyewe, angalia herufi ya pili tu kutoka kushoto. Ikiwa 2, 6, A au E basi ni ya bandia. Ikiwa kitu kingine chochote, umesimama uchi, rudi ukabadilishe. Hii ya herufi ya pili ukimwonyesha jamaa yako atadhani umesomea.

Kuna jambo watu hawalijui hapa. Kwenye Android namba ya bandia inabaki ile ile kwa ruta ile ile, na hata ukiifuta hiyo waifai kwenye listi ukarudi tena baada ya mwezi unavaa ile ile. Maana yake gesti uliyolala Mafinga mwaka jana, ukirudi ukaunganisha, ruta inaweza kukukumbuka. Kwenye "Developer options", zile zinazofunguka ukigonga "Build number" mara saba, kuna ya kufanya namba ibadilike mara kwa mara, kwa Android 12 kwenda juu. Lakini usikimbilie. Hizi waifai za vocha za mtaani, unalipa mia tano unapewa nywila ya siku nzima, nyingi zinaikumbuka simu kwa hiyo hiyo namba, ikibadilika vocha yako imekufa mchana kweupe na mwenye ruta atakwambia umemaliza muda. Mwanafunzi mmoja wa hosteli alikuja kwangu analia vocha zinaliwa, kumbe alishaigusa hiyo setingi mwenyewe akasahau. Mimi naiacha ilivyo, naiwasha nikiwa safarini tu.

iPhone ni rahisi: setingi, Wi-Fi, gusa ile i ndogo, "Private Wi-Fi Address". Kwenye iOS 18 utakuta chaguo tatu, imezimwa, isiyobadilika na inayozunguka. Nyumbani weka isiyobadilika, kwingine inayozunguka, hiyo hubadilika kila baada ya kama wiki mbili.

Hatua ya pili, kitufe cha kuzima hakizimi

Hapa ndo wengi mmeuzwa. Unavuta pazia la juu, unagonga alama ya waifai inakuwa kijivu, unajua umemaliza. Android ina setingi nyingine imejificha kwenye lokesheni: setingi, "Location", "Location services", humo kuna "Wi-Fi scanning" na "Bluetooth scanning". Zikiwa zimewashwa simu inaendelea kupekua hewa hata kama waifai na bluetooth umezima, eti isaidie ramani kujua upo wapi. Zima zote mbili. Hasara yake, ramani ikiwa ndani ya jengo itachelewa kukupata, basi. Kwa sisi ambao tunaitumia ramani mara moja kwa mwezi kutafuta msiba Uyole, hasara gani.

Tena ukiwa humo humo kwenye setingi za waifai tafuta "Turn on Wi-Fi automatically" uizime, la sivyo ukifika karibu na nyumbani inajiwasha yenyewe bila kukuuliza.

Wenye iPhone nanyi msicheke. Tangu iOS 11 ukigonga waifai au bluetooth kwenye lile pazia simu inakata tu ulichounganishwa, redio yenyewe inabaki hai, na saa kumi na moja alfajiri inarudi kujiunganisha. Kuzima kweli ni mpaka uingie setingi kabisa ukazime kule.

Hatua ya tatu, futa mitandao ya zamani, hii usiiruke

Kama una muda wa kufanya kitu kimoja tu kwenye mwongozo huu, fanya hiki. Fungua listi ya waifai ulizowahi kuhifadhi, "Saved networks". Yangu nilikuta 41. Chuo, gesti, baa, saluni ya shemeji, ofisi niliyoenda kufanya kazi siku mbili tu. Simu za zamani zilikuwa zinaita mitandao hii kwa majina hewani, moja moja, kwa hiyo anayesikiliza anapata maisha yako yote, umesoma wapi unalala wapi unakunywa wapi. Za sasa zimeacha, isipokuwa kwenye hali moja: waifai iliyofichwa jina. Kuna watu wanaficha jina la ruta ya nyumbani wakiamini ni usalama, kumbe matokeo ni kwamba ruta imenyamaza na simu yako ndo inazunguka Kabwe na Sokomatola ikiuliza "wewe fulani upo?" kila mahali. Fichua hilo jina, weka nywila ngumu, inatosha.

Tatizo la pili la listi ndefu lilinikuta mwenyewe. Kuna mgahawa nilikuwa nakunywa chai Mbeya una waifai ya bure, haina nywila, jina lake ni lile la kawaida kabisa kama la nusu ya migahawa ya Tanzania. Siku nimelala gesti moja njiani huko, asubuhi nashangaa simu ipo kwenye waifai na mimi sijaomba nywila kwa mtu. Jina lilikuwa sawa, haina nywila, simu ikaona ni ile ile ikaingia. Hiyo ilikuwa bahati mbaya tu, ila mtu mwenye nia yake anaweza kuandika jina kama hilo kwenye hotspoti yake akakaa stendi ya Nane Nane, simu zinamfuata zenyewe kama kuku na mtama.

Kwa hiyo futa zote usizotumia mwezi huu. Zile unazobakiza, zisizo na nywila zizimie "Auto-connect", uziunganishe kwa mkono ukihitaji. Mimi nimebaki na tatu, ya nyumbani, ya kazini na ya kwa mama Tukuyu, ambayo mara nyingi hata bando halipo.

Na hotspoti yako wewe je, inaitwaje? Kama inaitwa kwa jina lako na la ukoo, ukiiacha wazi inatangaza wewe upo umbali wa makumi ya mita. Ipe jina lisilo na maana, ukimaliza kumgawia jirani bando izime.

Hatua ya nne, bluetooth

Badilisha jina la kifaa kwanza, lipo ndani ya setingi za bluetooth au "About phone". Toa jina lako, toa cheo, kuna mtu kaandika Mchungaji na namba ya simu juu, sitanii. Usiache hata jina la modeli kama simu ni ya bei mbaya, maana hiyo ni kumtangazia mwizi. Weka chochote, yangu inaitwa Mchicha.

Simu nyingi za sasa zinaonekana kwa wengine pale tu ulipoufungua ule ukurasa wa bluetooth, ukitoka zinajificha, na namba wanazorusha kwa bluetooth zinabadilika kila baada ya dakika kadhaa. Vinavyotuangusha ni vikorokoro. Saa za kioo za bei chee na hedifoni nyingi zinarusha namba ile ile siku zote. Simu umeifunga kila mlango halafu mkononi umevaa redio inayosema mimi hapa mimi hapa. Ndo yaliyomkuta yule kijana wa Makambako. Hedifoni zirudishe kwenye kikopo chake zikalale, saa izimie bluetooth kama inakubali.

Apu za kurushiana mafaili nazo. Quick Share iweke ionekane na vifaa vyako tu au watu uliowahifadhi, AirDrop hivyo hivyo, iache kwenye "Contacts Only". Xender na wenzake wanaomba lokesheni, waifai, kila kitu, rushianeni muvi zenu mkimaliza zinyang'anye ruhusa.

Hatua ya tano, apu zinazouza ulipo

Apu haihitaji jipiesi kujua ulipo. Ikiruhusiwa kuona ruta zilizo jirani, inalinganisha majina na namba za ruta hizo na kanzidata ya dunia nzima, inapata mtaa wako. Ndo maana Android inadai apu iwe na ruhusa ya lokesheni ndo isome waifai, na tangu Android 12 kuna ruhusa nyingine inaitwa "Nearby devices" kwa ajili ya bluetooth.

Ingia "Permission manager", fungua "Location". Kila apu iliyo juu kwenye "Allowed all the time" iulize, wewe unataka kujua nilipo usiku wa manane kwa kazi gani? Tochi haina sababu. Keyboard haina sababu. Apu za mikopo ndo usiseme, Benki Kuu Novemba 2024 ilitangaza apu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni, na wengi wa waliokopa kwenye aina hiyo waliruhusu kila kitu kwa haraka ya hela. Ramani na usafiri wape "wakati wa kutumia tu", na zima lokesheni sahihi kwa apu ya hali ya hewa, inatosha ikijua ni Mbeya, baridi yetu haina mtaa.

Halafu setingi, Google, "Ads", "Delete advertising ID", futa. iPhone ni "Privacy & Security", "Tracking", zima kile cha juu.

Namba ya simu uliyoiandika mwenyewe

Hii nimeipa nafasi yake maana inabomoa yote ya juu. Unafika hotelini, waifai inafungua ukurasa, andika jina, andika namba ya simu, upate intaneti. Ukiandika tu, ile namba ya bandia sasa ina jina, na laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole. Umejivua kinyago kwa mkono wako ili uangalie status. Kama bando lipo tumia bando. Kama lazima, uliza mapokezi kama kuna vocha ya karatasi. Na mnapewa haki: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kazi tarehe 1 Mei 2023, na tume yake ipo, kwa hiyo kumuuliza mtu "namba yangu mnaitumia kwa nini na mnaikaa nayo muda gani" sio ukorofi.

Vitagi vya kufichwa kwenye begi

Haya mambo ya AirTag na ndugu zake, kidude cha duara kama kifungo cha koti, betri ya saa, kinawekwa kwenye begi lako au chini ya siti ya gari halafu simu za wapita njia zinakibebea taarifa ya kilipo mpaka kwa aliyekiweka. iPhone inakuonya yenyewe, na Android kuanzia 6 kwenda juu nazo zina onyo hilo tangu 2023, lipo setingi, "Safety & emergency", "Unknown tracker alerts", humo pia unaweza kuamuru itafute papo hapo. Ukikipata kiguse na mgongo wa simu yenye NFC, ile ya kusoma vitu kwa kugusisha, itafunguka kurasa yenye namba ya kifaa, piga picha kabla hujatoa betri maana ndo ushahidi wako polisi. Ila usianze ugomvi ndani ya basi, onyo likija safarini inawezekana ni tagi ya begi la jirani. Subiri ushuke, utembee, uone kama bado ipo na wewe.

Mnara

Hayo yote hayazuii kampuni ya simu kujua upo mnara gani, bila kujua hivyo haiwezi kukupigisha simu. Namba ya IMEI, kitambulisho cha simu yenyewe, ile unayoipata kwa *#06#, haivai kinyago. Ukitaka kutoka huko ni hali ya ndege, na hapo hakikisha waifai na bluetooth zimezimika kweli maana simu nyingine zinaziacha. Kwenye Android mpya kuna pia "Allow 2G", ruhusa ya mtandao wa kizamani, kuizima kunazuia minara feki inayotumia mtandao huo, mimi naizima mjini ila nikienda kijijini unakokuta ile E pekee juu ya skrini naiwasha, la sivyo simu inageuka kioo cha kujitazamia.

Kitu kimoja msikizime: huduma ya kutafuta simu iliyopotea. Najua ni ufuatiliaji, lakini ni wewe unajifuatilia, na kwa jinsi simu zinavyochomolewa Mwanjelwa siku za gulio naona bora iwepo. Wenye iPhone 11 kwenda juu mjue inapatikana hata ikizimwa, tangu iOS 15.

Mwisho ifanyie mtihani. Chukua simu ya ndugu yako, zima waifai na bluetooth kwenye yako kwa njia niliyosema, kaa nayo meza moja, afu kwenye ile ya ndugu tafuta vifaa kwa bluetooth kama dakika mbili. Jina lako lisionekane. Washa waifai unganisha, angalia ile herufi ya pili. Kama jina lipo rudi hatua ya nne, kama herufi sio rudi ya kwanza. Kama kilichobaki kinaonekana ni ile saa ya kioo ya elfu ishirini na tano, hiyo haina setingi ya kuiponya, siku unayotaka kutembea kimya iache nyumbani.